Mbwa wa Kuwindia Ndege Ameshakua, Mimi Ndiyo Kwanza Naanza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, naishi Ipuli hapa Tabora mjini. Mwezi uliopita familia ya Kijerumani iliyokuwa huku kwa mradi ilirudi kwao, ikaniachia mbwa wao. Ni dume la miaka minne, pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, anaitwa Bruno. Sijawahi kufuga mbwa. Ndani ni mpole sana, lakini nje ananiburuta, nikimwita hageuki, na akiona kuku anaganda mguu mmoja juu, kisha anaruka. Ameshaua kuku wawili wa jirani. Mjomba anasema samaki hukunjwa angali mbichi, kwa hiyo huyu nimfunge mnyororo au nimgawe. Kaka yangu ana bunduki yenye leseni na anataka waende wakawinde kanga. Je, mbwa mzima anafundishika? Na mimi nisiyejua kitu nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na mjomba wako, maana nikimwacha atakukatisha tamaa mapema. Methali yake inafaa kwa samaki na pengine kwa binadamu, ila kwa mbwa haina nguvu. Mbwa wa miaka minne hufundishika, na kwa mambo kadhaa ni rahisi kuliko mtoto wa mbwa. Anaweza kukutazama dakika tano bila kukurupukia kila jani linalopeperuka, hajisaidii ovyo sebuleni, haharibu viatu. Isitoshe, huenda kuna mtu alishamwanzisha, ila kwa maneno usiyoyajua wewe.

Halafu hiyo tabia ya kuganda inayokutisha. Mguu juu, pua mbele, mkia umenyooka, pumzi imepungua: huo si ukaidi, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Wawindaji wa Kijerumani walianza kuitengeneza koo hii katika karne ya 19 wakitaka mbwa mmoja afanye yote. Atafute ndege kwa pua, akimpata asimame ili mwindaji asogee, na ndege akiangushwa aende kumleta, iwe kwenye nyasi au majini. Huwezi kuyafuta hayo kwa kiboko. Ukijaribu utabaki na mbwa anayekuogopa wewe, na ukigeuka kisogo bado anaua kuku.

Kwa hiyo usihangaike kumfundisha ndege. Ndege anawajua kuliko mimi na wewe. Asichokijua ni wewe. Kazi yako ya miezi hii ni Bruno ajue kwamba njia ya kumfikia ndege inapitia kwako, na kwamba akikupita pembeni hapati kitu. Kamba, dagaa, ubao na njiwa nitakaokueleza hapa chini vyote ni kwa ajili ya hilo tu.

Kabla ya yote, kuku wa jirani walipwe. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto, na ulipe bei ya kuku wa kienyeji wa sasa bila kubishana kama alikuwa mtetea au tembe. Mtaa ukishamchukia mbwa, kuna siku utamkuta amelishwa sumu na hakuna atakayesema ameona. Na kwa kuwa Tabora mjini Waislamu ni wengi, kumbuka kwamba kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi. Mtu ameshatawadha anakwenda msikitini, mbwa wako akimlamba umemrudisha kwenye maji. Ukiona watu wanakuja mpitishe upande wa pili wa njia, kamba fupi, usalimie vizuri. Watakuvumilia kwa mengi kwa sababu ya hilo.

Kuanzia leo Bruno asiachwe huru uani wakati kuku wa watu wanapita. Kila kuku anayemkamata ni somo kamili kwake, na mwalimu wa somo hilo si wewe. Kama uzio wako ni wa michongoma na una matundu, ziba kwa wavu, au mweke ndani mpaka kuku walale. Simaanishi mnyororo wa kutwa nzima. Mbwa wa aina hii akifungwa hivyo hugeuka wa kubweka na kujitafuna miguu. Namaanisha muda ule tu ambao huna jicho juu yake.

Watakuja pia washauri wa kukuambia umfunge kuku aliyekufa shingoni mpaka aozee hapo. Usithubutu. Mbwa haunganishi mzoga wa Alhamisi na kosa la Jumatatu. Anachopata ni kuzoea harufu ya kuku saa ishirini na nne, na wewe unapata nzi na funza kwenye joto hili letu.

Sasa mbwa mwenyewe. Wanaochukua mbwa wazima huwa na kipimo chao cha kukadiria: siku tatu za kushangaa, wiki tatu za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Ni makadirio tu, wako wanaowahi na wanaochelewa, lakini yanakueleza kwa nini mambo yanaharibika sasa hivi. Umekaa naye mwezi. Siku za mwanzo alikuwa mgeni, anajizuia. Sasa ameanza kuwa mwenyeji na unamwona alivyo. Hajaharibikia mikononi mwako.

Wakati huo huo waandikie wenyewe wa zamani kwenye WhatsApp, usione haya. Waulize walikuwa wanatumia maneno gani, kama kuna filimbi, kama aliwahi kwenda kuwinda au alikuwa mbwa wa nyumbani tu, na kama anaogopa mlio wa bunduki. Omba pia picha ya kadi yake ya chanjo. Wakichelewa kujibu, jaribu mwenyewe sebuleni, kwa sauti ya kawaida: "Sitz" ni ya kukaa, "Hier" ya kuja, "Aus" ya kuachia alichonacho mdomoni, "Apport" ya kuleta. Angalia masikio yake. Neno analolijua utaliona kwenye masikio kabla mwili haujafanya chochote. Kama yapo, yatumie hivyo hivyo, au uyaunganishe na ya Kiswahili: sema "Kaa", halafu "Sitz", baada ya siku kadhaa la Kijerumani litadondoka lenyewe.

Kifaa chako kikubwa ni kamba. Nenda sokoni ununue kamba ya nailoni ya unene wa kidole kidogo, mita kumi hadi kumi na tano. Isifungwe shingoni. Dume la aina hii lina kilo kati ya 25 na 32. Likifika mwisho wa kamba kwa mbio, shingo itaumia. Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani unaopita nyuma ya miguu ya mbele na kukutana mgongoni. Kama hupati wa kununua, fundi viatu yeyote pale mjini anaweza kukushonea kwa mkanda wa begi, mpimie tu mbwa kwanza. Mwisho wa kamba usiweke fundo, litanasa kwenye visiki. Vaa glavu za kazi, na usiizungushe kamba mkononi hata mara moja. Kidole kinaweza kuvunjika. Kamba nyingi iburuzike chini, wewe uwe tayari kuikanyaga.

Kamba hiyo haimvuti mbwa kuja kwako. Inamzuia tu asifanikiwe bila wewe. Watu wengi hukosea hapo: humwita, asipokuja humvuta kama ndoo ya kisimani, na mbwa anajifunza kwamba neno "njoo" maana yake ni kuvutwa.

"Njoo" inaanzia ndani ya nyumba, mahali pasipo na kuku wala upepo wenye habari. Nunua dagaa wakavu wa Kigoma, wale wasiokuwa na chumvi. Wananuka, ni wadogo, hawamshibishi, na kwa bei hakuna biskuti ya dukani inayowashinda. Simama hatua mbili kutoka kwake akiwa hana la kufanya. Sema "Bruno, njoo" mara moja. Akigeuza kichwa tu, kabla hajanyanyua mguu, msifu papo hapo na urudi nyuma hatua tatu. Atakufuata. Akikufikia mpe dagaa mmoja, wa pili, wa tatu, mmoja mmoja, huku mkono wako wa pili ukiwa umeushika ule mkanda wa kifuani kwa ulaini. Kisha mwachie aende zake.

Hilo la kushika mkanda na kumwachia ndilo lenye siri. Mbwa wengi waliokomaa wanajua kabisa "njoo" maana yake nini. Wameshagundua tu kwamba kwa kawaida inafuatwa na kufungwa, kurudishwa ndani au kugombezwa. Kwa hiyo mara nyingi akija, mshike, mpe, mwachie arudi kunusa. Usimwite kamwe ili kumwadhibu, hata kama ana manyoya mdomoni. Ukihitaji kumwogesha au kumfungia, mfuate mwenyewe alipo.

Na usirudie neno. Wewe ni mwalimu, unajua darasa lililozoea kuambiwa "nyamazeni" mara saba halisikii ya nane. Asipogeuka, tatizo ni kwamba umeita mahali pagumu kuliko kiwango chake. Shika kamba, msogelee, punguza umbali, jaribu tena. Kutoka sebuleni nenda uani, kutoka uani nenda uwanja wa shule jioni watoto wakishaondoka, na hapo tu ndipo ufikirie mashambani. Akishakuwa mzuri ongeza filimbi: puliza kwanza, halafu sema "njoo". Baada ya muda filimbi inatosha, na kwenye upepo husikika mbali kuliko sauti yako.

Kuhusu kukuburuta sina mengi. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, endelea. Mwanzoni mtachukua nusu saa kufika dukani kwa Mangi, na mtaonekana vituko. Ukimruhusu avute leo kwa sababu umechelewa kipindi, umemfundisha kuvuta.

Sasa kuku, maana ndio waliokufanya uniandikie. Hapa kinachofanya kazi ni umbali. Kila mbwa ana umbali ambao anaona kuku na bado akili iko kichwani. Kwa Bruno inaweza kuwa hatua hamsini. Kaa naye hapo, kamba mkononi, kimya, dagaa mfukoni. Atawakazia macho. Usimwite, usimgombeze, ngoja. Kuna sekunde atakayokutazama, au hata kugeuza sikio tu upande wako. Hapo hapo msifu, mpe. Atarudi kutazama kuku, ngoja tena. Baada ya siku kadhaa utaona anatazama kuku, kisha mwenyewe anageuka kukutafuta wewe. Sogea hatua tano. Ukisogea akashindwa, rudi nyuma bila hasira.

Lakini sikudanganyi: usije ukajenga matumaini ya siku Bruno atakayoachwa peke yake na kuku uani wewe ukiwa kazini. Wapo wa koo yake wanaofika hapo. Wewe panga maisha yako kana kwamba hatafika.

Amri ya pili inayokufaa ni "simama", na kwa mbwa wa ndege ni kubwa kuliko "kaa". Mbwa anayekaa chini akinusa ndege ameacha kazi. Tafuta ubao wa kumtosha kusimama kwa miguu yote minne, uuweke juu ya matofali ili uinuke kiasi cha tofali moja. Mpandishe kwa dagaa. Miguu yote minne ikiwa juu, mpe dagaa pale pale mdomoni, kichwa kikiwa mbele, ili asipate sababu ya kukaa wala kushuka. Ukingo wa ubao unamwambia mguu umefika mwisho. Huhitaji kumwambia wewe. Akishazoea kutulia, ndipo uongeze neno "simama". Kisha anza kumzunguka, hatua moja, mbili, mzunguko mzima. Akishuka, mrudishe kimya kimya. Baadaye ondoa matofali, ubao ulale chini, halafu ondoa na ubao. Itumie kila mahali: kabla ya sahani ya chakula, kabla ya geti kufunguliwa, kabla ya kuvuka barabara yenye bodaboda.

Akishakuwa na "njoo" ya kuaminika kwenye kamba na "simama" ya dakika nzima, leta ndege. Najua kaka yako angependa kuanzia hapa. Asubiri.

Mtaani kwenu hakosekani kijana anayefuga njiwa kwenye masanduku. Mwombe njiwa wakubwa wawili watatu wanaojua kurudi kwao, na umpe cha asante. Tafuta uwanja wenye nyasi za kufika magotini, asubuhi, upepo ukiwa mdogo. Rusha vumbi kidogo juu uone linaelekea wapi. Mweke njiwa mmoja ndani ya tenga dogo kwenye kichaka, mlango wa tenga ufungwe kamba ndefu, na kijana mwenyewe akae mbali akiwa ameshika mwisho wake. Tenga liwe kivulini, na njiwa asikae humo muda mrefu.

Mlete Bruno kwa kukata upepo, si kwa kuufuata wala kuupokea usoni moja kwa moja. Apite kushoto, apite kulia, wewe ukitembea polepole kuelekea mbele. Kabla ya kuganda utaona ishara: mkia unapiga haraka, kichwa kinainuka, anageuka ghafla kana kwamba ameitwa, hatua zinafupika. Kisha anasimama.

Hapo funga mdomo. Usimsifu, usiseme "simama", usikimbie. Mfuate kwa kuishika kamba mkono baada ya mkono hadi umfikie ubavuni. Mpapase polepole kuanzia shingoni kwenda mkiani. Kisha weka kiganja nyuma ya mapaja umsukume kidogo tu kwenda mbele. Mbwa anayemsimamia ndege kweli atakaza miguu na kukuegemea asisogee. Ukiuhisi mkazo huo kwenye kiganja utajua una mbwa wa namna gani, na nadhani ndiyo siku utakayoacha kufikiria kumgawa.

Akitulia, nenda wewe mbele yake, mpe kijana ishara avute kamba, njiwa aruke. Bruno akibaki amesimama, au hata akiruka hatua moja ukamzuia kwa kamba bila kumgombeza, mpe dagaa na somo limekwisha. Lakini akianza kunyatia kabla hujafika, hata kwa hatua moja, kijana avute mara moja. Njiwa anaondoka, kamba iko chini ya mguu wako, hakuna kufukuza. Huna haja ya kusema lolote. Anachokiona mbwa ni kwamba hatua yake mwenyewe ndiyo iliyomfukuza ndege, na mbwa wa damu hii hutafakari jambo hilo kwa uzito kuliko kofi lolote. Njiwa mmoja au wawili kwa asubuhi moja wanatosha. Zaidi ya hapo unamchosha mbwa, na njiwa wa watu pia.

Utaona video za watu wakichezesha bawa kwenye fimbo, mbwa akiganda mbele yake. Inapendeza kwa kitoto cha mbwa. Kwa mkubwa inamfundisha kutumia macho, na wewe unataka pua.

Kuleta utafundisha kwa kucheza. Tupa soksi iliyofungwa fundo kwenye korido nyembamba ambamo njia ya kurudi ni moja tu, upande wako. Akikuletea usiinyakue. Mwache aishikilie kidogo, msifu, kisha mbadilishie na dagaa.

Kuhusu kaka yako, mwambie mambo mawili kwa upole. Kwanza, leseni ya bunduki, inayotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, si kibali cha kuwinda. Kanga na kwale ni wanyamapori, na wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Aende kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, aulize kuhusu aina ya ndege, eneo na msimu, halafu aulize kipekee kama mbwa anaruhusiwa kutumika, kwa kuwa sheria hiyo inabana pia njia za kuwindia. Jibu alipate kwa maandishi. Na kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla asifikirie hata kusogea na mbwa.

Pili, mlio. Mbwa wengi wazuri wameharibiwa na mtu aliyepiga bunduki juu ya vichwa vyao siku ya kwanza. Anza na kifuniko cha sufuria kikigongwa chumba cha mbali wakati Bruno anakula. Akiendelea kula, kesho kisogezwe kidogo. Akiacha kula na kujikunyata, umekwenda haraka. Mvua za Novemba zikianza, mwangalie kwenye radi, atakuambia mwenyewe. Kama anatetemeka na kujificha uvunguni, huyo si mbwa wa bunduki, na kaka yako akubali. Kazi ya njiwa bado itampa furaha yote anayoihitaji.

Hata bila kuwinda atahitaji kukimbia, na mtatoka nje ya mji. Porini kwetu kuna mambo ambayo watu wa kwenye zile video hawayajui.

Joto ni la kwanza. Mbwa hapoi kwa jasho, anapoa kwa kuhema, na huyu hajui kusimama mwenyewe akichoka. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, toka alfajiri na saa tatu asubuhi uwe umerudi. Beba maji yake. Ulimi ukirefuka na kupanuka nchani, macho yakakodoka, akaanza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na kwapani, mpepee, kisha kwa daktari.

La pili, nyuki. Mbwa anayekata upepo kwenye miombo huku pua ikiwa juu hatazami mizinga iliyotundikwa mitini, na Tabora mizinga haina idadi. Uliza wenyeji wa eneo wapi wametundika kabla hujamwachia kamba. Mashamba ya tumbaku yaliyopigwa dawa karibuni yapite mbali.

Nyoka huwezi kumzuia kwa asilimia zote. Kifutu hukaa tu njiani, hakimbii. Akimuuma, mbebe Bruno hadi kwa daktari, asitembee, na usichanje wala kufunga kamba mguuni.

Kupe mwangalie kila mkirudi: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe huleta magonjwa yanayoanza kwa mbwa kukataa chakula tu, kisha fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, au damu inatoka puani. Dawa ya kupe nunua ya mbwa. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia, na sindano ya ivermektini ya ng'ombe usimchome wala kumnywesha mwenyewe. Tofauti ya dozi ni kubwa, na nimeona mbwa wakifa kwa ukarimu wa muuza duka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, kadi uihifadhi. Akimng'ata mtu, hata kwa bahati mbaya, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula: ugali na dagaa vinaweza kuwa msingi, ukiongeza utumbo au mapafu yaliyochemshwa na mboga kidogo, bila kitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka ncha kali. Mgawie mara mbili kwa siku, na asile muda mfupi kabla au baada ya kukimbia. Ukizigusa mbavu uzihisi bila kuzibonyeza, na ukimtazama usizione zote, yuko sawa.

Mwisho ni mbung'o, na hili naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu kila mtu wa Tabora anaponiambia ana mbwa wa kigeni. Miombo yetu, kuelekea Urambo, Kaliua na Sikonge, ina historia ndefu ya mbung'o na magonjwa anayoyaeneza, ndorobo ya mifugo na malale ya watu. Mbwa wa mjini asiyezoea huugua ndorobo vibaya na haraka kuliko ng'ombe. Ikitokea mmetoka porini na wiki chache baadaye Bruno ana homa inayokuja na kuondoka, anakonda huku anakula, uso au miguu imevimba, au jicho limefunikwa na ukungu wa rangi ya maziwa wenye ubuluu, usiweke matone ya macho ya dukani. Mpeleke akapimwe damu kwenye darubini siku hiyo, na umweleze daktari mlikuwa pori gani na lini. Dawa ipo, lakini kwa mbwa dozi yake ina mpaka mwembamba, kwa hiyo apimwe uzito kwanza, na achomwe na mtu aliyeisomea.